Daftari la Fundi na Safari ya Mafuta Kutoka Nyonga Kwenda Tumboni

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mkubwa kwa fundi wake wa nguo, Magomeni. Fundi huyu ameshonea ukoo wetu tangu mimi nipo shule ya msingi, na ana tabia moja ninayomsifia sana: vipimo vya kila mteja anaviandika kwenye kaunta buku, na likijaa halitupi. Akafunua moja lililochakaa kingo, akatafuta jina, akasoma vipimo vya mwaka 2011, vya gauni la harusi ya binamu yangu. Kiuno inchi 33, nyonga 44. Kisha akavuta futi shingoni mwake, akazungusha. Kiuno 39, nyonga 43.

"Mama yangu, nyonga zimehamia mbele," alisema kwa upole huku akiandika.

Mama mkubwa hakucheka. "Fundi, kilo zenyewe zimeongezeka nne tu. Na ninakula vilevile."

Wote wawili walisema kweli. Mwaka 2011 mama mkubwa alikuwa na miaka 42. Sasa hedhi yake imekoma, mwaka wa sita huu. Kilichobadilika mwilini mwake kwa kiasi kikubwa ni mpangilio: mafuta yamebadili makazi, na misuli nayo imepungua kimyakimya bila mzani kusema lolote.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Chakula na shughuli ndivyo vinavyoamua mwili uwe na mafuta kiasi gani. Ukila zaidi ya unachotumia, ziada inahifadhiwa, na hakuna homoni inayoweza kutengeneza kilo ya mafuta kutoka hewani. Lakini ziada hiyo ikakae wapi, na protini uliyokula ijenge misuli kiasi gani, hapo homoni za jinsia zina sauti kubwa. Ndiyo maana ndugu wawili, kaka na dada, wanaweza kula sahani zilezile za wali maharage nyumba moja, mmoja akaota kitambi na mwingine akajaa mapaja.

Homoni hizo ni testosteroni, estrojeni na projesteroni. Zote zinatengenezwa kutokana na kolesteroli, kwenye korodani, kwenye ovari, na kwa kiasi kidogo kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Mtaani tunasema "homoni ya kiume" na "homoni ya kike", na lugha hiyo inatupoteza, kwa sababu kila mtu anazo zote. Mwanaume mzima huwa na testosteroni kati ya nanogramu 300 na 1,000 hivi kwa desilita moja ya damu. Mwanamke anayo pia, kama 15 hadi 70. Na mwanaume ana estrojeni, kwa sababu kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachopatikana kwenye mafuta, ubongo na sehemu nyingine, huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Hili huwashangaza wengi ninapowaambia: mzee wa miaka 60 kwa kawaida ana estrojeni nyingi kwenye damu kuliko mkewe wa umri huohuo ambaye hedhi imekoma.

Kabla ya kubalehe, mwili wa mvulana na wa msichana hautofautiani sana kwa mafuta na misuli. Nenda uwanja wowote wa shule ya msingi ukawaangalie watoto wa darasa la pili kwa mbali, utawajua kwa sare. Kisha msichana anavunja ungo, mvulana anaota ndevu, na ndani ya miaka michache kila mmoja ana ramani yake. Kwa msichana estrojeni inapeleka mafuta kwenye nyonga, makalio, mapaja na matiti. Kwa mvulana testosteroni inapanua mabega na kujaza misuli, na mafuta atakayoyaongeza baadaye yatapendelea tumbo.

Wafugaji waliligundua hili zamani bila maabara. Ukienda mnada wa ng'ombe wa Pugu, mwambie dalali yeyote akuonyeshe fahali na maksai wa umri mmoja. Fahali ana shingo nene kama gogo, nundu iliyosimama, na sehemu ya mbele ya mwili nzito kuliko ya nyuma. Maksai, aliyehasiwa akiwa mdogo, ana shingo nyembamba, nundu ndogo, anatulia, na ananenepa kwa urahisi. Chakula ni kilekile, malisho ni yaleyale. Kilichoondolewa ni korodani tu. Mwaka 1849 Arnold Berthold, Mjerumani wa Göttingen, aliwahasi majogoo wachanga, akaona upanga wao unasinyaa na hawawiki. Baadhi aliwarudishia korodani, akazipandikiza tumboni, mbali kabisa na mahali pake pa asili. Wakakua majogoo kamili, wanawika na kupigana. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa imekatwa, ujumbe uliotoka kwenye korodani zile ulikuwa umepita njia ya damu. Neno "homoni" lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1905.

Sasa turudi kwenye nyonga za mama mkubwa, maana hapa ndipo palipo na uhondo.

Seli ya mafuta ina vipokezi, yaani milango ya kupokelea ujumbe, vya homoni ya adrenalini juu ya ngozi yake. Mwili unapohitaji nguvu, kwa mfano unapokimbilia mwendokasi pale Kimara, adrenalini huenda ikagonga seli hizo. Kipokezi cha aina moja kikigongwa kinasema "fungua, toa mafuta". Cha aina nyingine kinasema "funga, usitoe". Kila seli ina mchanganyiko wa aina hizo mbili, na estrojeni huongeza vile vya kufunga kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, hasa ya mapaja na makalio. Wakati huohuo, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kimeng'enya kinachonyonya mafuta kutoka kwenye damu na kuyaingiza kwenye seli hufanya kazi kwa bidii zaidi huko nyongani. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kwa shida.

Bibi zetu walikuwa na kibubu, kile kisanduku chenye tundu juu, unatumbukiza sarafu na huwezi kuzitoa mpaka ukivunje. Nyonga ni kibubu. Mafuta ya tumboni ni kama nauli iliyo mfukoni, inaingia na kutoka kutwa nzima. Na kibubu hiki kina siku yake ya kuvunjwa: kunyonyesha. Kunyonyesha peke yake kunamhitaji mama kiasi cha kilokalori 500 zaidi kwa siku, na watafiti walipochukua vipande vidogo vya mafuta ya paja kwa kina mama wanaonyonyesha, walikuta yale mafuta magumu kutoka yameanza kulainika na kuachia. Mwanamke anayelalamika kwamba amejinyima, uso umekonda na kifua kimepungua ila mapaja yamegoma, asijione mvivu. Mwili wake unalinda akiba ya mtoto, hata kama hana mpango wa kuzaa tena.

Mafuta hayo ya nyonga, kwa sehemu kubwa, hayana ubaya. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona wasichana wakijitesa kwa ajili yake. Kuanzia mwaka 1947 daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, Jean Vague, alianza kuandika kwamba wagonjwa wake wenye mafuta ya tumboni ndio waliokuwa wakipata kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu, kuliko wenye mafuta ya nyongani, hata pale uzito ulipolingana. Kwa muda mrefu hakusikilizwa sana. Leo ni elimu ya kawaida.

Sababu unaweza kuiona buchani. Mbuzi anapopasuliwa, kuna mafuta yaliyo chini ya ngozi, na kuna yale mengine yaliyotandaa kama wavu juu ya utumbo na kufunika figo. Haya ya ndani ndiyo ya hatari kwa binadamu. Damu inayotoka kwenye mafuta yanayozunguka utumbo huelekea moja kwa moja kwenye ini, na kwa kuwa mafuta haya hufunguka upesi, ini hupokea mzigo wa mafuta kila saa. Ini lililolemewa huanza kuipuuza insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu; basi sukari inapanda, mafuta ya damu yanapanda. Mafuta ya paja, kwa kung'ang'ania kwake, yanaliepusha ini na mzigo huo.

Estrojeni ikipungua, mlinzi wa kibubu ameondoka. Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, lakini mabadiliko ya mwili hayasubiri siku ya mwisho. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulionyesha kasi ya kuongezeka mafuta ikipanda tangu kipindi cha mpito, kabla hedhi haijakoma kabisa, huku misuli ikianza kupungua. Mafuta yanajaa ndani ya tumbo, mapaja yanapungua, mzani unasogea kidogo tu. Ndiyo vipimo vya fundi: inchi 6 zimeongezeka kiunoni, 1 imetoka nyongani. Daftari lile lilimpima mama mkubwa vizuri kuliko mzani wa zahanati.

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri kwamba estrojeni ni habari ya wanawake na testosteroni ni ya wanaume. Mwaka 2013 Joel Finkelstein na wenzake wa Boston walitoa utafiti ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote katika somo hili. Walichukua wanaume wazima karibu 400, wa miaka 20 hadi 50, wakawapa dawa ya kuzima korodani zisitengeneze homoni. Kisha wakawarudishia testosteroni kwa jeli ya kupaka, kila kundi kiwango chake, kwa wiki 16. Nusu yao walipewa pia dawa ya kuzuia aromatesi, ili testosteroni isigeuke estrojeni. Kilichotokea: misuli na nguvu za miguu vilifuata testosteroni. Lakini mafuta yaliongezeka zaidi kwa wale walionyimwa estrojeni, hata walipokuwa na testosteroni ya kutosha. Yaani mwanaume naye analindwa na estrojeni asinenepe. Ile tunayoiita homoni ya kike inafanya kazi kila siku ndani ya mpiga debe wa Mbagala.

Kwa mwanaume mwenye kitambi kuna mzunguko mbaya. Mafuta mengi huleta aromatesi zaidi na insulini ya juu, na hali hiyo huishusha testosteroni. Testosteroni ikishuka, misuli inapungua na mafuta ya tumbo yanapata nafasi zaidi. Habari njema ni kwamba mzunguko huu unageuzika: mwanaume mnene akipungua uzito, testosteroni yake hupanda yenyewe, bila sindano.

Nimetaja sindano, na sindano inanipeleka kwenye jimu.

Testosteroni hufanya mambo mawili kwenye misuli. Huingia ndani ya seli, ikashikana na kipokezi chake, na pamoja wakaagiza protini zaidi ijengwe. Pili, huzishawishi seli changa, zile ambazo zingeweza kuwa mafuta au misuli, zichague kuwa misuli. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake, Marekani, waliwapa wanaume wenye afya miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, dozi kubwa mara kadhaa kuliko ya tiba. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza uzito usio wa mafuta kwa kilo 2 hivi. Waliopewa dawa wakakaa tu waliongeza 3. Waliopata vyote viwili, 6.

Najua takwimu hizo zinavyosikika masikioni mwa kijana wa miaka 22 anayepiga tizi uani kwa vyuma vya makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Mtu wa jimu moja, ambayo sitaitaja, alimuuzia vichupa visivyo na maandishi ya kueleweka, na mabega yake kweli yalijaa ndani ya miezi 2. Kisha siku moja akaniita pembeni, anaona aibu, akafungua vifungo vya shati. Nyuma ya chuchu zote mbili kulikuwa na uvimbe kama kokwa ya ubuyu, ukigusa unauma. Aromatesi ilikuwa kazini: ile testosteroni ya ziada ilikuwa inageuka estrojeni, na estrojeni inajenga matiti kwa yeyote.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari inayozipigia korodani simu kila siku: fanyeni kazi. Ikiona damu imejaa testosteroni kutoka nje, inaacha kupiga. Korodani zinasinyaa, na mbegu zinakatika, kwa sababu kutengeneza mbegu kunahitaji testosteroni nyingi sana ndani ya korodani zenyewe, kuliko ile ya kwenye damu. Hili ni la uhakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano ya testosteroni, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kwenye matokeo ya mwaka 1990 zaidi ya nusu yao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Ukiacha, korodani huamka taratibu, kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mpwa wangu alienda kwa daktari, akaacha. Uvimbe wa upande mmoja haujaisha mpaka leo.

Kina dada wana hofu ya kinyume: "Nikibeba vyuma nitakuwa baunsa." Kwa testosteroni ile ya 15 hadi 70, hapana. Utafiti wa mwaka 2000 uliopima miili ya watu 468 kwa MRI, mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili, ulikuta wanaume wakiwa na wastani wa kilo 33 za misuli, wanawake 21, na pengo kubwa zaidi likiwa sehemu ya juu ya mwili. Lakini mwanamke akifanya mazoezi ya nguvu, nguvu zake huongezeka kwa asilimia inayokaribiana na ya mwanaume. Na mwanamke wa Dar es Salaam aliyejitwika ndoo ya lita 20 kutoka bombani hadi nyumbani tangu utoto, kilo 20 hizo, anajua kwamba hajawahi kugeuka mwanaume.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la uzazi wa mpango: je, sindano inanenepesha? Sindano ya miezi 3 ina homoni ya jamii ya projesteroni, na ndiyo, baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia, wengine hawaongezeki. Wanaoongezeka haraka ndani ya miezi 6 ya mwanzo ndio ambao huendelea kuongezeka. Basi pima uzito siku ya sindano ya kwanza, uandike. Ukiona baada ya miezi 6 umepanda zaidi ya asilimia 5, tuseme kutoka kilo 60 hadi zaidi ya 63, rudi kwa muuguzi mzungumze njia nyingine kabla hujaacha hii. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, tafiti hazijaonyesha vinanenepesha kwa kiasi kikubwa. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa.

Na dawa za makalio? Zile zinazouzwa kwenye simu na vichochoroni Kariakoo, wanazoziita za "mchina"? Homoni ikiingia kwenye damu inakwenda kila mahali: kwenye matiti, kwenye kizazi, kwenye ini, na estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani. Hakuna inayojua njia ya kwenda makalioni tu. Kibaya zaidi ni vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethasoni, ambavyo vimeshamiri katika nchi kadhaa za Afrika. Deksamethasoni si homoni ya jinsia; ni dawa inayoiga homoni nyingine ya tezi za adrenali. Inajaza mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku ikila misuli ya mapaja na mikono. Msichana ananunua nyonga, anapewa kitambi na miguu myembamba, na akiacha ghafla baada ya muda mrefu, mwili unaweza kuanguka kwa sababu tezi za adrenali zimelala. Nikiwaona wanaoziuza kwa watoto wa shule, moyo unaniuma.

Nilimwomba fundi anisaidie kupima kiuno kama madaktari wanavyopima, kwa sababu yeye hupima pale panapobana gauni. Kwa afya unapima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, umetoa pumzi, tumbo hujalibana. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kupanda mwanamke akizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, na huwa kubwa akipita 88. Kwa mwanaume ni 94, inchi 37, na 102. Viwango hivyo vilitokana zaidi na miili ya Wazungu, kwa hiyo napenda zaidi kipimo cha urefu: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mama mkubwa ana inchi 63. Kiuno chake kingetakiwa kisizidi 31 na nusu.

Hawezi kurudisha estrojeni ya miaka 42 kwa chakula au kwa majani ya kuchemsha, na daktari wake hajaona haja ya tiba ya homoni. Lakini misuli haijamfungia mlango. Mwaka 1990, huko Boston, wazee 10 wenye wastani wa miaka 90, wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, walinyanyua vyuma kwa miguu kwa wiki 8. Kwa 9 waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90, na homoni za jinsia zimeshuka zamani!

Nikamsimulia hayo tukiwa ndani ya daladala. Siku hizi asubuhi na jioni anakaa kwenye kiti cha jikoni na kusimama bila kushika kitu, mara 10, anapumzika, tena mara 10. Amepunguza sukari ya chai. Gauni limeshakwisha; fundi amemwachia inchi 2 za kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni, ili lisije likambana.